Mama Aliyeachwa Garini kwenye Shamba la Matofaa

Kaka yangu alimwambia Mama anamleta Marekani kutembea. Hilo ndilo neno alilotumia kwenye simu, kutembea, na Mama kule Nakuru akashonesha gauni jipya la safari. Alifika kwa kaka, mjini Gaithersburg, akakuta mapacha wachanga, na wazazi wao wote wawili wanatoka kwenda kazini kabla hajamaliza chai. Kufikia Oktoba, Marekani aliyoijua Mama ilikuwa jikoni, ngazi, na magari yaliyoegeshwa chini ya dirisha la sebule.

Mimi niliishi Langley Park, si mbali na kwao, nikitunza wazee. Kila nilipoomba kumchukua Mama Jumapili moja tu, kaka alikuwa na sababu. Mara mtoto ana kikohozi, mara wao wana shifti. Kwa hiyo aliponipigia akasema, "Jumamosi tunampeleka Mama shamba la matofaa, njoo," nilifurahi hata nikabadilishana zamu na mwenzangu.

Lilikuwa shamba la familia moja, juu huko ukipita Gaithersburg. Trekta lilivuta mkokoteni uliojaa watoto, na bibi mwenye shamba alikuwa ameketi mlangoni, amefunikwa blanketi, wajukuu wanamletea kinywaji cha moto. Nilimkuta kaka katikati ya miti, pamoja na mkewe na wenzake wa ofisini, wakipiga picha.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko kwa gari na watoto," alisema, akinyoosha mkono kuchuma tofaa. "Huku watapigwa na upepo."

Nilirudi hadi kwenye magari nikikaribia kukimbia. Mama alikuwa kiti cha nyuma, lile gauni jipya limefunikwa na koti kuukuu la mke wa kaka. Mtoto mmoja amelala mapajani pake, mwingine analia, na Mama amebana chupa ya maziwa kwapani ili isipoe.

"Umeyaona matofaa, Mama?"

"Nayaona kutoka hapa."

Alikuwa amewaahidi wanawake wa chama chake kule Nakuru picha akiwa ameshika tawi lenye matunda. Aliniambia hivyo taratibu, kama mtu anayeomba msamaha, na hapo hasira ikanipanda. Nilimbeba mtoto mmoja, yeye akambeba mwingine, tukaenda walipokuwa wengine.

"Ulimleta Mama awe yaya?" nilimuuliza kaka.

"Usiniletee drama. Watu wa kazi wanaona."

"Waone!"

Mke wake akasema, "Wewe huna mtoto, huwezi kuelewa." Wale wenzao walianza kutazama viatu vyao. Hakuna aliyejua Kiswahili, lakini hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Mama alimsogelea kaka, akamweka mtoto mikononi mwake, na mfuko wa matofaa aliokuwa ameushika kaka ukaanguka.

"Shika mwanao. Na unitafutie ndege ya kurudi."

"Mama, haiwezekani sasa. Nimeshakuombea kibali cha kukaa miezi sita zaidi."

"Uliniuliza lini?"

Kaka akaanza kumbembeleza mtoto. Mama akageuka akaingia kati ya miti, akashika tawi, akaniambia nimpige picha. Hakutabasamu. Nilimpa mke wa kaka mtoto niliyembeba, nikapiga tatu, na jioni nikamchukua Mama kwangu. Siku iliyofuata alilala hadi saa sita mchana, yeye ambaye maisha yake yote huamka kukiwa bado giza.

Aliondoka kurudi Nakuru mwezi uliofuata. Kaka hakuja uwanja wa ndege.

Baadaye, kwenye sherehe ya harusi Rockville, nilimsikia akiwaambia watu kwamba Mama alirudi haraka kwa sababu aliwakumbuka ng'ombe wake. Watu walicheka. Mimi niliweka sahani chini nikawaeleza, kwa sauti ya kusikika meza zote, wapi alimwacha Mama yetu wakati yeye anachuma matofaa. Mke wake alinyanyuka akatoka. Kaka alibaki, akiendelea kula kana kwamba ninayemsema ni mtu mwingine. Tangu siku hiyo hatusalimiani, na sijaona bado kwa nini niwe wa kwanza.