Taa Namba Ishirini na Mbili

Kwa miaka ishirini na sita kazi ya Vendel Szabados ilikuwa kuzeesha taa. Karakana yetu ya Újpest, Budapest, ilitengeneza taa ndogo za setilaiti. Kamera ya setilaiti huitazama taa yake mara kwa mara ili ijulikane kama macho yake yamefifia. Kwa hiyo taa yenyewe haitakiwi kubadilika. Taa mpya hubadilika sana. Vendel aliwasha arobaini kwa pamoja, akiongeza umeme polepole, akaziacha ziwake siku kadhaa mpaka utoto uzitoke. Kisha alichagua moja iliyotulia.

Uzi wa tungsteni, ule unaowaka ndani ya taa, huliwa na joto lake wenyewe, lakini huumia zaidi ukipigwa umeme wote ungali baridi. Ndiyo maana kila taa ilikuwa na kadi yake, na kila kuwashwa kuliandikwa.

Machi ilichaguliwa namba 22. Jumapili ya familia kutembelea karakana, Piroska, mkewe Vendel, aliyekuwa mgonjwa wa mapafu, alipanda ngazi akihema.

"Kumbe huyu ndiye mke mwenzangu!" alisema. "Mbona mdogo hivi? Hebu mwashe nimwone."

Kuiwasha kwa utaratibu kulihitaji dakika ishirini, na Piroska hakuweza kusimama hata tano. Vendel akaiwasha kwa mkupuo. Piroska alicheka mpaka akakohoa. Kadi haikuandikwa.

Piroska alipolazwa hospitali, alimwambia kila muuguzi wa wodi kwamba taa ile itapanda angani.

Mwezi wa Juni Vendel aliletewa kadi atie saini: imewashwa mara 31. Alikaa nayo mpaka mkate wake wa mafuta na vitunguu ukakauka. Kisha akaandika 32, moja kwa mkupuo, akampelekea Gizella, mkuu wa karakana.

"Mzee Vendel, una wazimu? Mara moja tu! Nani atahesabu huko juu?"

"Ikififia kabla ya wakati, watadhani kamera ndiyo mbovu. Kila picha itakuwa ya uongo."

"Ukiniachia kadi hii, siwezi kuirusha. Unajua?"

"Najua."

"Na Piroska je?"

Vendel alimsogezea kadi. Namba 22 ilipondwa kwa nyundo, kama sheria ilivyotaka, isije ikarudi kwenye boksi kwa bahati mbaya. Badala yake ikasafiri namba 9.

Siku redio ilipotangaza kwamba roketi imeruka salama, Vendel alipeleka hospitali supu baridi ya cheri. Piroska alimeza vijiko viwili.

"Imefika taa yetu?"

"Imefika."

"Inapita hapa?"

"Kila asubuhi, kama saa tatu hivi."

"Usinidanganye, mume wangu. Wewe kudanganya hujui."

"Basi niamini," alisema, akampangusa mdomo.

Piroska aliishi siku nane zaidi. Kila asubuhi, saa tatu ikikaribia, aliomba pazia lifunguliwe, na kila asubuhi Vendel alilifungua mwenyewe.