Ndege wa Baba Edith

Mume wangu Leonidas alikuwa bwana shamba wa serikali kwa miaka thelathini na mitatu, na kazi aliyoifanya kwa moyo kuliko zote ni kuwafundisha watu kuwinga ndege, yaani kuwafukuza mashambani. Alizunguka vijiji vyote vya huku Mwazye kwa pikipiki, akawaeleza wakulima kwamba ndege ni adui wa taifa. Aliwaonyesha jinsi ya kupiga debe na jinsi ya kutundika tepu za kaseti shambani ili zilie kwa upepo. Mtu aliyeacha ulezi wake uliwe alisemwa hadharani. Leo amestaafu, ana miaka sabini na minne, na ndege walewale anawapiga picha. Sijui kama serikali ina habari.

Kamera aliletewa na binti yetu Edith, anayefanya kazi Sumbawanga mjini na kuishi Milanzi. Aliinunua ikiwa imetumika, akamkabidhi baba yake kwa maneno yaliyo wazi kabisa: apige picha za familia, maana hatuna hata moja ya maana, na jubilei ya miaka hamsini ya ndoa yetu haiko mbali. Baba Edith akashukuru, akatoka nje, akapiga picha ya familia ya kwanza. Ilikuwa ya chiriku juu ya kamba ya nguo. Ya pili ilikuwa ya chiriku huyohuyo, safari hii kwa ubavu. Nikamsamehe, nikijua mtu na kitu kipya.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Nisimsingizie, mara tatu hivi aliielekeza ile kamera kwangu. Lakini anavyojua kuchagua wakati! Mimi nina matope mpaka magotini, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, na nimevaa lile gauni la shamba ambalo hata mbwa wetu analionea haya. Nikampa mgongo. Mwanamke anastahili kuambiwa walau siku moja kabla.

Shamba letu la ulezi linaanza pale jiko linapoishia. Ulezi ukikaribia kukomaa, mimi huwa huko jua likichomoza, na debe langu na fimbo, nikipiga kelele mpaka koo linauma. Upande wa pili wa shamba hilohilo, ndani ya kibanda cha mabua alichokifunika kwa kitenge changu cha Pasaka, amekaa mtaalamu. Mimi nafukuza, yeye anangoja watue. Nimeombwa mara nyingi nipunguze sauti, ndani ya shamba nililolilima mwenyewe.

Aliyempenda kuliko wote ni ndege mmoja mweusi mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake. Nimemchunguza sana huyo dume. Ana majike sita, hajengi kiota, halishi watoto, kazi yake ni kurukaruka juu ya ulezi akionyesha mkia. Baba Edith aliniambia ni ndege mwenye tabia za kuvutia sana. Nikamjibu kwamba tabia zenyewe nimeziona.

Kila ndege anaandikwa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, moja ya yale aliyoondoka nayo ofisini. Namba, jina, alipoonekana, rangi, sauti, tabia, na mwisho kabisa kama ni mkazi wa hapa au ni mhamaji anayekuja na kuondoka. Vyeti vya ubatizo vya watoto wetu havijawahi kutunzwa kwa uangalifu ule.

Jirani yetu Kija, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, naye alipata sehemu yake. Ng'ombe wa Kija hufuatwa na yangeyange, wale ndege weupe, na yangeyange wakawa wanafuatwa na Baba Edith, anatambaa kwenye nyasi na kamera ndefu kama mchi. Alichokiona Kija ni mtu wa kilimo wa zamani, amejificha, anaelekeza chombo kwenye mifugo yake na kuandika namba. Hakungoja kuuliza. Aliswaga kundi lote likakae bondeni. Nilipokwenda kumweleza kwamba mzee anahesabu ndege, si ng'ombe, alinitazama kwa huruma, akaona mke anamfichia mumewe siri. Aliitikia vizuri tu kwa heshima, na ng'ombe wakabaki bondeni wiki mbili.

Haya yote niliyavumilia. Kilichonishinda ni kihenge.

Ulezi wa mwaka jana niliuweka kwenye kihenge ndani ya ghala kwa jambo moja tu, kimea cha pombe ya jubilei. Ukifanya jubilei ya miaka hamsini hapa Mwazye bila pombe ya ulezi, watu watarudi makwao wakisema wametoka semina. Mwezi wa tano nikaona ulezi unapungua. Nikajua ni panya, nikategesha mtego mkubwa, nikaufukia juujuu ndani ya kihenge. Asubuhi ya pili nikasikia ukelele ghalani, nikakimbia. Panya niliyemnasa alikuwa na kofia ya Nane Nane kichwani, kikombe mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili kimebanwa na mtego. Kumbe kila asubuhi alikuwa akichota kikombe kimoja, anakwenda kuwamwagia ndege mbele ya kibanda chake ili wasogee. Na kikombe chenyewe ni changu cha chai.

Nilimfunga kile kidole kwa kitambaa. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, na haikuwa kwa sababu ya ulezi. Mtu niliyeishi naye miaka hamsini alikuwa anaigawa sherehe yetu kikombe kwa kikombe, anawapa wageni wenye mabawa, na mimi ananiona kama kelele za shambani. Tukatoka mpaka mlangoni pa ghala.

"Baba Edith," nikamwambia, "mimi naenda Milanzi kwa mtoto. Siku ya jubilei usimame altareni na yule wako mwenye mkia."

Nikangoja jibu. Alikuwa hanitazami. Alitazama juu ya bega langu, na midomo yake ikacheza taratibu sana.

"Usigeuke, Mama Edith. Ametua nyuma yako."

Siku hiyohiyo nikampigia Edith simu aje anichukue.

Edith alifika Jumamosi na gari la kukodi, na haja yake nyingine mkononi: kadi za jubilei zilikuwa zinangoja picha ya maharusi. Akakaa sebuleni na ile kamera, akapekua picha elfu nne. Mwisho akamwuliza baba yake polepole kama hakuna hata moja yenye mama. Baba yake akasema ipo, akaitafuta, akamwonyesha. Ilikuwa ya yangeyange juu ya lundo la samadi, na pembeni, ukikodoa macho, kilionekana kiwiko changu.

Niliingia chumbani kumalizia kufunga mfuko. Halafu nikakumbuka dawa zake za presha. Baba Edith asipoandikiwa humeza dawa siku anapozikumbuka, yaani Krismasi na Pasaka. Kuku nao walihitaji kuandikiwa, na mbuzi mwenye mimba. Sikuona karatasi popote, nikachukua daftari lake la ndege nichane ukurasa. Likafunguka katikati, kwenye ukurasa uliochakaa pembe kwa kushikwashikwa, na nikaona jina langu kwa mwandiko wake ulionyooka wa ofisini.

"Namba 87. Jina: Redempta. Mara ya kwanza kuonekana: mtoni, akifua, 1974. Sasa: shamba la ulezi, kila siku. Rangi: kitambaa chekundu kichwani. Sauti: kali, inafika kwa Kija. Tabia: hufukuza wengine wote. Akielekezewa kamera hugeuka. Picha: nimejaribu mara arobaini na moja, mgongo tu, nimezifuta. Mkazi?"

Maandishi yote yalikuwa ya wino wa bluu, wa siku nyingi, umeanza kupauka. Alama ya kuuliza peke yake ilikuwa nyeusi, mbichi, tena imepinda vibaya, ya mtu anayeandika huku kidole kimefungwa kitambaa.

Nilikaa kitandani. Nililia kidogo, na sikujua namlilia nani. Mimi nilikumbuka mara tatu, kumbe ni arobaini na moja, na mara zote hizo nilimpa mgongo kwa sababu ya gauni. Hamsini kasoro tisa, na yeye hakunung'unika hata siku moja, isipokuwa kwenye daftari.

Nikavua nguo za safari. Nikavaa lile gauni la shamba, nikafunga kitambaa chekundu, nikachukua debe, nikapita mbele ya Edith bila kumweleza. Nilisimama ukingoni mwa ulezi, nikamwita baba yake, nikamwambia apige haraka, nina kazi. Alikuja mbio, akasahau viatu. Safari hii hakuna aliyegeuka. Picha imetikisika, maana kile kidole hakibonyezi vizuri, lakini uso wangu unaonekana wote, umekasirika vilevile. Nyuma ya bega langu kuna kitu cheusi chenye mkia mrefu, kimefifia, hakieleweki. Baba Edith hakukiona mpaka alipoonyeshwa na Edith, naye akasema hakina umuhimu.

Edith akarudi Milanzi peke yake, na hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye kadi. Daftari nimelirudisha mahali pake. Kalamu ilikuwa palepale mezani, na ningeweza kuifuta ile alama. Sikuifuta. Jubilei ni wiki tatu zijazo, acha aulize.