Mwiko wa Mutale

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninaposonga bukari, ugali wetu wa hapa, na kwa kuwa unafunga sanduku kwenda kusoma ng'ambo ya mpaka, kaa kidogo nikusimulie.

Vyuo viwili, kimoja cha hapa Lubumbashi na kimoja cha Zambia, vilikubaliana juu ya masomo ya shahada ya pili: mtoto wa jirani alipe karo ile ile anayolipa mwenyeji. Wao walete mmoja, sisi tupeleke mmoja. Wa kwao alikuwa Mutale, aliyekuja kusomea madini. Wa kwetu nilikuwa mimi, na bila mpango ule baba yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, asingethubutu hata kuiota karo ya wageni. Mutale alitangulia, nami nikangojea zamu yangu. Sharti lilikuwa wazi: akikata tamaa akarudi kwao, nami siendi.

Basi nikamtunza kama yai. Alikaa kwetu, nikampa kiti kizuri, nikamchinjia kuku, nikamfulia nguo. Akitaka kuosha sahani, namnyang'anya. Nilijiona mwerevu kwelikweli. Kumbe chuoni wenzake walinung'unika kwamba amekuja kula vya wenyewe, na Kifaransa chake kilikuwa cha kuungaunga. Siku hiyo nilimkuta anakunja nguo zake, macho mekundu. Niliogopa sana. Niliona masomo yangu yanaondoka na begi lile.

Nikakimbilia jikoni kutafuta kuku mwingine. Nkambo, bibi yangu mzaa baba, alikuwa anachemsha maji ya bukari.

"Odile," akasema, "huyu mutoto iko analipa sawa batoto ya hapa?"

"Ndiyo, nkambo."

"Sasa juu ya nini unamuikalisha sawa mugeni? Mugeni anarudiaka kwabo. Mwite, akuje apike."

Kwetu mgeni hasogelei jiko. Anayesonga bukari ni mtu wa nyumba. Mutale akaja, akashika mwiko, akasonga kama wanavyosonga kwao. Nkambo akaonja.

"Bukari yako iko nguvu sawa libwe," akamwambia, yaani ngumu kama jiwe. "Kesho utasonga tena, mupaka utajua."

Mutale akacheka, mara ya kwanza tangu afike, akajibu kwamba ya kwetu ni uji. Nguo zikarudi kabatini. Tangu hapo alichota maji, akabishana nasi, akatumwa sokoni mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kama sisi wote, na Kifaransa kikamnyookea humo humo.

Zamu yangu ilipofika nikavuka mpaka pale Kasumbalesa. Mama yake Mutale akanivutia kiti. Nikamshukuru, nikamwuliza mwiko uko wapi.

Mwanangu, usione haya kulipa karo ya mwenyeji. Hukuiba, majirani wamepeana. Lakini nafuu hiyo inakufikisha mlangoni tu. Kuingia ndani ni kazi yako: jifunze lugha yao, omba kazi za nyumbani, kubali kuchekwa. Na huyo mtoto wao anayekuja hapa kwa nafasi yako, usihofu kwamba atakata tamaa arudi kwao. Nimeshamwekea mwiko.

Mungu akufungulie njia yote mpaka huko. Watu wa kule wakuzoee hata wasahau ulitokea wapi, nawe usisahau. Nenda, mwanangu, usome, na bukari yako waicheke kwa mapenzi.