Kikohozi cha Nyuma ya Pazia

Ghalib Muqbil alikuwa kipofu, mwaka wa sita sasa, na sokoni hakuna aliyejua. Ndivyo alivyoamini. Alasiri, shavu limejaa mirungi na milima ya Khawlan, huko Yemeni, imeanza kuelea kwenye ukungu, aliketi dukani akipapasa bunduki kuukuu zilizoachwa na majeshi ya kigeni, na kila moja ilimtembeza. Ndefu ya Kituruki ilimpeleka kwenye theluji asiyowahi kuikanyaga. Ile ya Kiajemi, yenye mhuri wa simba na jua, ilimnukia bustani.

Kisha alikuwa akisema, "Ipelekwe ndani ipakwe mafuta." Ndani, mkewe Taqiyya alikagua mihuri na nambari. Akiirudisha chini ya pazia, alikohoa: mara moja, ni ya kuungaunga, mara mbili, halisi. Kwa kikohozi hicho mzee alijipatia jina la mjuzi asiyekosea, na kujidai alijidai kweli.

Siku hiyo kijana Hizam alileta bunduki ya Kiajemi aliyotaka kuinunua kwa muuzaji mwingine. Nduguye alikuwa amemjeruhi mtu, na kesho yake bunduki hiyo ingekabidhiwa wenye jeraha kuwa rehani ya sulhu. Wakipewa ya kuungaunga ni tusi, na damu ingemwagika tena.

"Ami, niangalizie vizuri. Roho ya ndugu yangu iko hapo."

Taqiyya aliigeuza taratibu. Simba mzima, jua zima. Lakini kwenye bolti, komeo la kufungia risasi, nne iliyokuwa katika nambari ilichongwa kama waiandikavyo Waarabu, si Waajemi. Akakohoa mara moja. Mafua yalikuwa yamemshika tangu juzi. Kifua kikamsaliti, akakohoa tena.

"Halisi!" alitangaza Ghalib. "Kailipie, mwanangu."

Taqiyya alishika pindo la pazia. Akisema, mumewe ataumbuka. Akinyamaza, watu watauana. Alimpenda yule mzee na maringo yake yote, na ilimuuma.

"Si halisi," alisema. "Nne ya kwenye bolti imeandikwa kwa mkono wa kwetu. Bolti si yake hiyo."

Ghalib aliacha kutafuna. Hizam wala hakushtuka.

"Ahsante, shangazi. Nilikuwa nakungoja wewe. Soko zima linaonyana: msinunue wiki hii, shangazi ana mafua."

"Soko zima?" Sauti ya Ghalib ilikuwa nyembamba. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipomwamkia punda wa jirani yako Dirham ukamwita sheikh."

"Miaka sita mnanidanganya!"

"Tulikusitiri, ami."

Mzee alijifunika uso kwa kilemba. Aliona aibu, aibu iliyomchoma hadi masikioni, na chini yake akaona kitu kingine, kama mtu aliyetuliwa mzigo aliousahau kichwani. Akaufunua uso. Kisha akageukia pazia, na kwa mara ya kwanza akamwita mkewe mbele ya mteja.

"Mama Jubran, mtolee ile yangu mwenyewe ya Kiajemi, akasuluhishe nayo. Na umsomee nambari zake zote, kwa sauti, asikie anayepita."