Fomu ya Kijani

Mama Mashine aliingia wizara ya elimu kufagia, na darasa lake la saba. Mashine ya kudurufu aliijua kwa kuiangalia tu, akakabidhiwa. Miaka ishirini na miwili aliona wakubwa wakiingia wembamba na kutoka na vitambi. Kusoma walisoma, tena ng'ambo; akili ndiyo hawakubahatika kurudi nayo.

Mwaka ule wakakaa warsha siku nne, hotelini, wakaamua fomu ya kuomba kituo cha mtihani isiwe ya bluu tena, iwe ya kijani. Maswali yaleyale, hata nukta haikuhama. Ya bluu ikapigwa marufuku. Ya kijani, hakuna aliyekumbuka kuichapisha.

Alhamisi akaja mdogo wake, mwalimu mkuu wa shule ya kando ya reli, na fomu ya bluu mkononi. Mwisho wa kupokea ni kesho. Akikosa kituo, watoto wake arobaini na mmoja hawafanyi mtihani. Wakaingia wote wawili kwa mkuu wa kitengo, aliyekuwa anachokonoa meno.

"Ya bluu hatupokei, mwalimu."

"Nipe ya kijani basi, mzee."

"Haijatoka. Mchakato unaendelea."

"Si msogeze tarehe?"

"Tarehe haisogei. Ni sera."

Kwenye korido mdogo mtu akaanza kulia.

"Nyamaza!" dada yake akamkatiza. "Ukimlilia yule, kalilie na kabati lake."

Akatafuta fomu tupu ya bluu, akaidurufu kwenye karatasi za kijani zilizobaki walipochapa mialiko ya kumuaga bosi fulani ambaye hata jina lake limeshasahaulika. Mwalimu akaijaza upya juu ya goti. Wakarudi.

Bwana akaipapasa, akaielekeza dirishani kama fundi anayekagua kitambaa.

"Enhee! Imetoka lini?"

"Sasa hivi, mzee. Bado ina joto."

"Umeona, mwalimu? Ukifuata utaratibu, mambo yanakwenda." Akagonga mhuri, tii!

Mwalimu akaondoka mbio asije mtu akabadilisha rangi. Mama Mashine akadurufu rimu nzima, na kufika Ijumaa saa nne walimu wakuu walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwake. Mkuu wa kitengo akaja kuwatazama, kifua mbele.

"Unayaona matunda ya warsha, mama?"

"Nayaona. Pisha mzee, unawazibia watu njia."