Binti Aliyependwa na Darasa Zima Akiwa Hayupo

Kuna binti alipendwa na darasa zima la mwaka wa kwanza, chuoni kwetu hapa Groningen, Uholanzi. Shida ni moja tu: walipompenda, hakuwepo.

Kazi yangu ni takwimu za urafiki. Ndiyo, kuna watu tunalipwa kwa hilo.

Kila muhula tunawauliza wanafunzi, "Rafiki zako ni nani?" Kompyuta inachora mishale ya nani kamtaja nani, halafu modeli, yaani hesabu zetu za kubashiri, inatueleza urafiki unavyozaliwa na unavyokufa.

Duru ya kwanza, binti huyo, Jildou, aliwataja wenzake karibu wote. Aliyemtaja yeye, hakuna.

Duru ya pili, karibu darasa zima likamtaja. Yeye hakumtaja mtu.

Bosi wangu, Profesa Wiersum, nusura acheze ngoma. "Tjaard, huyu kapanda chati, sasa anaringa. Modeli ilishasema. Andika makala haraka."

Nikamshauri tumuulize mwenyewe. Akasema mtu mmoja si takwimu.

Nikaenda kuulizia ofisini. Jildou alishaacha chuo kabla ya duru ya pili. Hakuringa wala nini. Hakuwepo kujaza dodoso, na sisi wasomi tukamwandikia sifuri.

Siri za utafiti nikaziweka pembeni, nikamtafuta Wobbe, kiongozi wa darasa. Mbona mlimtaja mtu aliyeondoka?

"Tulisikia kaondoka kwa upweke, bwana. Roho ikatuuma. Tukaona tumtaje tu, masikini."

"Mlimpigia simu?"

"Sasa namba yake nani anayo?"

Akili mingi hizo.

Nikapanda basi mpaka kijijini kwao, mkoa wa Friesland. Mama yake akanipa chai na biskuti moja, akafunga kopo, ndiyo desturi ya huko. Nikamweleza Jildou yote. Akacheka, kisha akalia. Niliona aibu kwa niaba ya chuo kizima.

"We ndo wa kwanza kuja," akasema. "Hebu lete hilo dodoso."

Penye marafiki akaandika jina moja: Tjaard.

Jumatatu nikaliingiza. Kompyuta ikagoma, eti jina halimo kwenye orodha ya darasa. Wiersum akaniambia nifute jina.

Nikafuta makala. Jumamosi nikapanda basi tena.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakuwajua wanaokufaa kwenye dodoso. Roho ikikuuma kwa ajili ya mtu, mfuate alipo, maana jina lake ukiliandika hasikii.