Gari Lililonisonya

Nchi yetu ni tambarare. Kutoka Tabora kwenda Kaliua barabara inanyooka kupita katikati ya miombo, na dereva anaweza kwenda saa nzima bila kubadilisha gia kwa ajili ya mlima. Kwa hiyo pikapu yangu ilipoanza kukosa nguvu njiani, haikuwa na kilima cha kusingizia.

Ilikuwa hivi kila mara. Asubuhi injini inavuta vizuri. Baada ya kilomita thelathini au arobaini nakanyaga mafuta, gari haliitiki. Mwendo wa themanini unakuwa sitini, sitini unakuwa thelathini, kisha injini inakohoa mara mbili na kuzima. Nashuka, nakagua, nasubiri dakika ishirini, nawasha, na gari linaondoka kama halijawahi kuugua. Mbele kidogo, yale yale.

Mimi si fundi wa kusomea. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kubeba asali ya wafugaji wa nyuki kutoka vijijini kuileta mjini. Gari nimelijua kwa kitabu chake cha matengenezo, ambacho nilikinunua hakina jalada, nikakisoma miaka miwili na kamusi pembeni. Naandika kila kitu. Ninalo daftari la matengenezo, la kila ninachobadilisha, na tatizo hili lilipoanza nikafungua daftari la pili, la ugonjwa peke yake: kilomita, joto la injini, rangi ya moshi, muda wa kupumzika.

Haraka ilikuwa ya mama. Mdogo wake, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto wa baba yao, alikuwa anahama Kaliua. Macho yake yameisha, na watoto wake walikuwa wanamchukua akaishi nao Dar es Salaam. Nyumba ingefungwa Jumamosi. Mama alitaka kumkuta kwake, kwenye kiti chake, kabla hajawa mgeni wa watu. Mama hawezi kupanda basi kwa sababu ya nyonga, na ngazi za treni ndizo kabisa. Gari langu analimudu kwa sababu nilimtengenezea kibao cha kukanyagia.

Jumatatu tulizima mara mbili kabla ya Usoke. Nilifungua boneti, nikashika mipira yote kwa zamu, nikapampu dizeli kwa mkono pale juu ya chujio. Kisha nikazunguka upande wake, nikafungua mfuniko wa tangi na kuchovya kijiti, maana geji ya mafuta ilikufa zamani na kila nikisimama napima kwa kijiti. Mara ya pili nilipofungua tangi, mama alitoa kichwa dirishani.

"Umesikia?"

"Nini, mama?"

"Gari limekusonya."

"Mama, nafanya kazi."

"Na lenyewe limeona. Ndiyo maana limesonya."

Nikaandika kwenye daftari: moshi mweusi kidogo, joto la kawaida, limepumzika dakika ishirini, limepona. Tukageuza kurudi Tabora, kwa sababu sikutaka mama alale porini.

Nililipeleka moja kwa moja gereji, kule Gongoni, mama akiwa bado ndani. Fundi wangu ni Mgogo, na Mgogo kwetu ni mtani, kwa hiyo hakuna jambo unaloweza kumweleza likapita salama.

"Pampu," alisema kabla sijafunga mlango.

"Hujaliwasha."

"Mtani, gari la umri huu, kama si pampu ni mwenye gari."

"Pampu mbovu ingekuwa mbovu tangu asubuhi. Hii inakuja baada ya kilomita arobaini, halafu inapona. Nimeandika hapa."

Alilitazama daftari kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto mbaya. Kisha akainama dirishani. "Shikamoo, bibi mtani."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Ndiye. Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, wakalipa hongo, wakafika pwani kwa miguu. Huyu mjukuu wao ana magurudumu manne, hafiki Kaliua. Si akubebe mgongoni tu?"

"Akinibeba," mama alisema, "atazima Usoke."

Gereji nzima ilicheka. Fundi aling'ang'ania pampu kwa sababu alishasema pampu. Nilimwomba walau aanze na chujio la dizeli, na eya klina, na mpira unaotoka tangini. Alibadilisha chujio, akapuliza eya klina, akapuliza mpira hadi mafuta yakamrukia, akarudisha kila kitu na kulizungusha gari mtaani mara tatu. Halikukohoa. Bila shaka halikukohoa. Kuzunguka mtaa si kilomita arobaini.

Jumatano nilijaza tangi mpaka juu ili kuondoa shaka ya mafuta, tukaondoka. Lilizima kilomita ya kumi na nane.

Hapo nilikasirika kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea. Ugonjwa una haki ya kuwa mgumu, lakini una wajibu wa kufuata utaratibu. Tangi nusu, kilomita arobaini. Tangi limejaa, kumi na nane. Gari gani linachoka upesi zaidi likishiba? Nilikaa pembeni ya barabara na kitabu kisicho na jalada, nikapitia jedwali la kukosa nguvu mstari kwa mstari. Kila mstari nilishaupitia. Nikahukumu kwamba dizeli niliyonunua ni chafu, nikachota kidogo kwenye chupa, nikaishika juani. Ilikuwa safi.

"Linakusonya tena," mama alisema nilipokuwa nachota. Nikafunga chupa. Tulirudi. Jioni shemeji yangu alisema ni nozo, jirani akasema ni sensa, kwenye injini ambayo haina sensa hata moja. Mzee wa kanisa alisema niuze.

Ijumaa ilikuwa ya mwisho. Mama alikuwa amekaa garini kabla sijanywa chai, na furushi la karanga mapajani. Lilizima ng'ambo kidogo ya Ndono, kwenye kituo cha pikipiki, mbele ya vijana kama sita. Nikafungua boneti, nikashika nilivyozoea kushika. Nilipozunguka na kijiti changu, mama aliweka mkono nje, juu ya mfuniko wa tangi.

"Usilifungue."

"Mama, napima mafuta."

"Ulipima asubuhi. Yataliwa na nani? Sitaki linisonyee mwanangu mbele ya watu hawa."

Nilikuwa nimechoka kubishana. Nikakirusha kijiti nyuma, nikasubiri dakika ishirini kwa saa, nikapampu kwa mkono. Kitufe cha pampu kikazama na hakikurudi. Kilikaa chini, kama kuna mtu amekishika kwa upande wa pili. Nikawasha. Halikuwaka. Nikawasha tena. Dakika ishirini ambazo zilikuwa zimeliponya gari mara zote hazikuliponya.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika boneti. Kila kitu nilikuwa nimefanya kama siku zote, isipokuwa kimoja.

"Mama, toa mkono."

Nikazungusha mfuniko. Ukatoka ule msonyo, mrefu, wa dharau, hewa ikiingia tangini kwa nguvu, na safari hii hata vijana wa pikipiki waliusikia. Kule mbele kitufe cha pampu kilikuwa kimeinuka. Gari likawaka kwa mguso wa kwanza.

Nikaugeuza mfuniko. Katikati ya upande wa ndani huwa kuna tundu dogo la kupitisha hewa: mafuta yakipungua, hewa inaingia kushika nafasi yake. Bila hewa tangi linavuta upande wake na injini upande wake, na tangi likijaa, hewa ya kuvutana ni kidogo, ugomvi unafika mapema. Tundu langu halikuonekana. Lilikuwa limefunikwa na nta ya nyuki, safi, ya manjano, na katikati ya nta kulikuwa na alama ya dole gumba. Nililitambua, lilikuwa langu. Nilipakwa wino kwenye dole hilo nilipojiandikisha kupiga kura.

Siku chache kabla ya ugonjwa, wafugaji walikuwa wamekataa ndoo zangu kwa sababu dizeli ilirukia nje kupitia mfuniko wa tangi na asali inashika harufu upesi. Nikayeyusha nta kwenye kopo, nikaumwagia mfuniko, nikakandamiza. Imo kwenye daftari la matengenezo, kwa mwandiko wangu mzuri: mfuniko wa tangi, umezibwa kwa nta, hauvuji, kazi imekamilika. Daftari la ugonjwa linaanza ukurasa wa kwanza siku sita baadaye. Sikuwahi kuyaweka yote mawili mezani kwa wakati mmoja. Na la ugonjwa limeandika moshi, joto na dakika, lakini hakuna mahali lilipoandika kwamba nilifungua tangi, wala kwamba kuna kitu kilisonya.

Niliitoboa nta kwa pini ya kitenge cha mama.

Tulifika Kaliua saa tisa mchana. Mama mdogo alikuwa kwenye kiti chake, barazani, masanduku yamefungwa kamba nyuma yake.

"Nimekusubiri tangu Jumatatu," alisema akisikia sauti ya dada yake.

"Muulize mwanao. Alikuwa anaandika."

Mama alimsimulia yote, huku akimchambulia karanga mkononi. Mama mdogo alitaka kuisikia hiyo sauti kwa masikio yake, nikaambiwa nisogeze gari hadi barazani. Nikafungua mfuniko. Kimya.

"Sisikii kitu," alisema mama mdogo.

"Limeshamsamehe," mama akasema.

"Mimi bado." Mama mdogo akanisonya, msonyo mrefu, kisha akanyoosha kiganja apewe karanga nyingine.